Mawese ya Karatasi na Mawese ya Chupa

Fundi picha wa Rumonge hakuamini kabisa rangi za kompyuta yake. Kila picha kuukuu aliyoletewa nyumbani, aliipiga upya pamoja na chupa ya mafuta mekundu ya mawese, akaichapa, kisha akaenda kusimama mlangoni, kwenye jua, akilinganisha mawese ya karatasi na mawese ya chupa. Siku ile Kadidja alikuwa amesimama naye. Vita vilikuwa vimempotezea mwanawe, na boti ya kupeleka picha yake kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ili atafutwe, ilikuwa inapakia watu.

“Nipe tu, fundi, iko sawa!”

Fundi akasonya, akaichana. “Mawese gani ya njano hivi? Na mutoto naye amepauka. Ukiwaonyesha huyu, watakuletea mutoto wa wenyewe.”

Akapunguza njano, akachapa, akaenda mlangoni, akachana tena. King’ora cha boti kikalia. Hakugeuka. Picha iliyofuata aliitazama sana, kisha akampa Kadidja. Kadidja akalowesha kidole gumba kwa mate, kama kila asubuhi ya shule, akakipeleka kwenye shavu la mtoto.

“Weee, usimpanguse!” Fundi akamdaka mkono. “Wino bado mubichi.”