Mbavu za Shabani

Naikumbuka siku niliyomshika mama mkwe wangu, Bi Zuhura, mkono, mwanangu, na sikuushika kwa adabu. Niliubana hasa. Kidole chake kilikuwa kinaingia kinywani mwa mwanangu Shabani, mtoto ambaye hata kukaa alikuwa hajaanza, nami nilijua kinakwenda kutafuta nini. Kilikuwa kinatafuta kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Shabani alikuwa anakohoa tangu juzi yake, na kwa Bi Zuhura mtoto akizidi kukohoa basi kimeo kimerefuka, na kikirefuka anaitwa fundi na wembe wake akikate.

"Niachie mkono, mama Shabani," aliniambia taratibu. Taratibu ya mama yule ilikuwa inatisha kuliko kelele za mtu mwingine.

Nikamwachia. Tulikuwa wawili tu na mtoto, nyumbani kwao Buguruni, mume wangu yuko barabarani na lori lake kuelekea Tunduma. Mie mtu wa Tabora, nimeolewa kwa watu waliozaliwa hapo na wazazi wao wakazaliwa hapo hapo. Kila asubuhi nilikuwa naondoka kwenda kazini Kinondoni, kwenye maabara yetu ya utafiti, ambako tulikuwa tunapima ute wa pua za watoto wanaokohoa tujue ni virusi gani vinavyowaumiza. Kazi hiyo hiyo unayoianza wewe Jumatatu. Kwa hiyo mtoto wangu alipoanza mafua, kisha kikohozi, kisha pumzi za haraka haraka, nilijua vizuri kinachoweza kuwa ndani yake. Wewe mkubwa kikikupata kirusi kile unapiga chafya siku mbili tatu unasahau. Mtoto mchanga kinamziba vijia vya hewa mapafuni mpaka anachoka kupumua.

"Mama, hiki si kimeo," nilisema. "Ni kirusi." Nikamtajia na jina lake, lile refu la vitabuni.

"Dawa yake nini?"

 Siku hizi mambo yamesogea, lakini wakati ule haikuwapo. "Hakina dawa, mama. Anasaidiwa kupumua tu mpaka kipite."

"Basi wewe unajua jina lake, mie najua la kufanya. Kesho fundi anakuja. Mumeo mwenyewe kakatwa, na wadogo zake wote wamekatwa." Akamfunika mtoto vizuri, halafu akaniongezea lingine: "Na kama ni kirusi, kimeingiaje humu? Si wewe unayeshinda navyo?"

Mafua yalikuwa mtaa mzima, mwanangu. Ilikuwa masika, kila nyumba ina mtu anayepenga. Hilo nililijua kwa akili, lakini neno lake lilinichoma, na chakula cha mchana sikukigusa.

Jioni alikuja mkuu wangu wa kazi, Mama Ndosi, kumjulia hali mtoto. Mama mfupi, mkavu wa maneno, hakuna pale kazini aliyethubutu kumzoea. Wakasalimiana na Bi Zuhura, wakaulizana habari za nyumbani, akamtazama mtoto kwa makini, akaaga. Nilipomsindikiza nje nikammwagia yote: wembe, kimeo, na lile la kuambiwa nimeleta ugonjwa. Nilitaka anionee huruma, sikufichi. Nilitaka aseme, loo, pole, hawa wazee hawaelewi.

Akaniuliza, "Wewe umempa kazi gani?"

"Kazi?"

"Yule mama anamhofia mjukuu wake. Anataka kufanya kitu kwa mikono yake. Fundi wa kimeo kampa kitu cha kufanya. Wewe umempa jina la kirusi. Ungekuwa wewe, ungemfuata nani?" Akapanda bajaji. Kabla haijaondoka akanichungulia tena. "Rudi ndani. Acha kununa."

Nilirudi nimenuna vilevile. Lakini nilimfungua Shabani vifungo vya shati, nikamwomba Bi Zuhura kiganja chake, nikakiweka kwenye mbavu za mtoto. Nikamwambia, mama, tazama hapa chini ya mbavu. Sasa hivi anapumua haraka, lakini hapa panapanda na kushuka tu. Ukiona kila akivuta hewa panaingia ndani, panafanya shimo, na maziwa anayakataa, usisubiri mtu. Hata mie usinisubiri. Hospitali moja kwa moja. Nikamwonyesha na namna ya kumdondoshea maji ya chumvi ya duka la dawa puani, kidogo kidogo, ili apate kunyonya.

Alinisikiliza bila kuniangalia usoni. Nilipomaliza akasema, "Fundi anakuja kesho alasiri," akaenda kusali. Sikujua kama kuna neno lililomwingia.

Kesho yake asubuhi nzima nilikaa na mtoto mapajani kama mtu anayelinda mzigo stendi. Saa sita simu ikalia. Umeme umekatika kazini, jenereta limegoma, na ufunguo wa friji la akiba, lenye betri yake, niko nao mie. Ndani ya friji kubwa kulikuwa na ute wa watoto wa masika nzima, wa Temeke, wa Mabibo, wa kila zahanati tuliyozunguka. Ukiyeyuka umekwenda. Nikapiga hesabu: fundi ni wa alasiri, mie narudi kabla. Nikakamua maziwa nikayaacha kikombeni, mtoto nikamwachia bibi yake, nikapanda bodaboda. Usinitazame hivyo, mwanangu. Utakapokuwa na ufunguo wako ndio tutaongea.

Tulikuwa tunahamisha vichupa, alasiri hata haijafika, simu ikalia tena. Ni Mama Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Mama Shabani, yule mzee wa vimeo na mkoba wake kaingia kwenu sasa hivi."

"Ingia mzuie, nakuomba."

"Mie? Nimzuie Bi Zuhura?" akasema, na kweli nani angeweza.

Nilipiga simu ya Bi Zuhura, haikupokelewa. Nikaacha vichupa mezani, nikatoka. Njia nzima ile sioni barabara, naona koo la mwanangu. Mtoto anayehangaika kupata hewa, umfungue kinywa kwa nguvu, umkate, damu imshukie kwenye njia ile ile ya pumzi. Nilikuwa namgonga dereva mgongoni aende, naye anaapa kwamba mbele yake kuna lori. Pale mataa ya Buguruni niliteremka nikakimbia kwa miguu, kiatu kimoja kikabaki sijui wapi.

Sebuleni nilimkuta fundi peke yake mkekani. Mbele yake bakuli la maji ya moto, pembeni kitambaa, juu ya kitambaa wembe. Niliutazama ule wembe kabla sijamtazama mwenyewe. Ulikuwa mkavu, bado na karatasi yake.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hata mie nashangaa," alisema yule mzee. "Kanikaribisha vizuri, kanitengea maji. Kamfungua mtoto kifua ili nimshike. Kamtazama mbavuni, akampa maziwa kwa kijiko, yakarudi. Akambeba akatoka mbio. Kaniambia nisiondoke, nimlindie nyumba."

Nilikimbilia hospitali ya karibu, nikawakuta wodi ya watoto. Shabani kawekewa vimirija vya oksijeni puani, macho nusu yamefumba, lakini anapumua. Bi Zuhura yuko pembeni ya kitanda, mtandio ameuvaa ndani nje, kiganja chake kiko juu ya mbavu za mjukuu wake. Daktari wa zamu aliniambia wangechelewa kidogo tu pangekuwa na habari nyingine. Nikakaa chini sakafuni.

"Palikuwa panaingia," Bi Zuhura alisema, "na maziwa kayakataa."  Halafu akasema jambo ambalo hata mume wangu alikuwa halijui.

"Nilikuwa na mtoto wa kwanza, wa kike. Mwanahawa. Naye palikuwa panaingia hivi hivi. Tulimkata kimeo asubuhi, alasiri tukamzika. Siku zote nimesema tulichelewa kumkata." Hakutoa mkono mbavuni. "Nilikuwa napaona, mama Shabani. Nilikaa naye napatazama. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba ndipo penyewe."

Nililia kwa uchungu, mwanangu, naye akaniacha nilie. Shabani alitoka hospitali akiwa mzima. Majibu ya ute wake yalikuja baadaye sana, na kirusi kilikuwa kile kile nilichomtajia bibi yake kwa jina refu. Nilipoyasoma hayakuniongezea kitu.

Sasa nisikilize. Utakwenda kwenye zahanati na vijiti vyako vya pamba, utapima, na wakubwa watakuuliza mzigo wa ugonjwa huu mjini ni mkubwa kiasi gani. Utawaonyesha watoto uliowapima. Waambie pia kwamba wapo ambao hawakufika mlangoni kwako. Mwanahawa hayumo katika hesabu yoyote ya mtu yeyote, isipokuwa ya mama yake. Kwa hiyo ukiingia nyumba ya watu, kabla hujatamka jina la kirusi, mwonyeshe bibi wa nyumba hiyo pa kuweka kiganja. Mwambie akiona nini akimbie. Akikutajia kimeo, usimcheke na usimfokee. Muulize amemzika nani.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Akupe mikono myepesi kwenye pua za watoto wa watu, akupe na masikio ya kuwasikia bibi zao. Na kila mama utakayemkuta anatazama kifua cha mwanawe, akujalie umfikie mtoto angali anapumua.