Siku Mume Wangu Aliposhikwa Akijenga Nyumba

Mume wangu alikuwa mwalimu Garissa, nami nilikuwa mke wa likizo tu, nikiishi kwetu milimani. Aprili ile shule zilipofungwa nilipanda basi lililosindikizwa na askari wenye bunduki nikaenda kumwona, na moyoni nilikuwa nimeshaamua: kabla ya kurudi nitamwambia sihamii huko. Alilijua hilo bila kuambiwa. Ndiyo maana akaazima hema la skauti wa shule, akanipeleka hifadhini tukalale kambini kando ya Mto Tana kama watalii, ili niipende nchi yake mpya.

Mlinzi wa lango alituuliza kama gari limetuharibikia. Msimu wa mvua hakuna mtalii anayekwenda kule. Hata wanyama hutawanyika, maji yakiwa yamejaa kila mahali. Mume wangu akasema tumekuja kupumzika. Mlinzi akatupa pole.

Kambi nzima ilikuwa yetu: uwanja wa matope, jiko la mawe lililojaa maji, na choo ambacho vyura walishakihamia. Nilikaa juu ya sanduku langu, nimenuna, nikamwacha apigane na hema. Akisimamisha huku, kule linalala. Kuniomba nishike kamba hakutaka, na mimi kujitolea sikutaka.

Hapo ukapita msafara wa wafugaji waliokuwa wakihama kutoka mtoni kufuata malisho. Ngamia walibebeshwa fito na mikeka ya nyumba, na wanawake ndio waliowaongoza. Wakasimama. Wakamtazama mume wangu, kisha wakanitazama mimi, na nyuso zao zikajaa huruma.

Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa akiuza maziwa sokoni Garissa na alijua Kiswahili cha kuokoteza. "Abaayo," akaniambia, yaani dada, "bole sana. Wewe iko gonjwa?"

Nikamjibu kwamba mimi mzima.

"Basi kwa nini mwanaume nashika nyumba?"

Akanieleza. Kwao nyumba ni ya mwanamke: yeye huisuka, huipakia juu ya ngamia, huisimamisha na kuibomoa. Mwanaume akijenga nyumba huku mkewe mzima ameketi pembeni juu ya sanduku lake, maana yake ni moja tu: amemfukuza. Na mwanamke hafukuzwi porini, matopeni, halafu watu wapite tu.

Wakateremsha mizigo. Mume wangu akanyang'anywa nyundo na kuambiwa akae chini. Mimi nikapewa maziwa ya ngamia, na kesi ikaanza.

Mume wangu akajitetea kwamba hii ni starehe. Mama yule akatafsiri. Wenzake wakatazama matope, wakatazama vyura, wakatazama uso wangu. Hawakuamini hata kidogo, nami sikuwalaumu.

Mama akanigeukia. "Wewe nataka yeye ama hataki?"

Likizo nzima nilikuwa nikilikwepa swali hilo, nikisifia chai na kulalamikia joto. Sasa ukoo mzima ulikuwa umesimamisha safari ukingoja nijibu, na mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, suruali imejaa tope hadi magotini. Nilimwonea huruma.

"Namtaka," nikasema. "Mahali ndipo sipataki."

Ilipotafsiriwa, wanawake walicheka hadi mmoja akamshika ngamia asianguke.

"Mahali?" mama akasema, akijifuta machozi. "Mahali ndiyo nini? Sisi kesho nahama tena. Wewe beba nyumba yako, bwana nafuata. Wallahi, hii si kesi."

Wakanishikisha nyundo. Hema likasimama upesi, wao wakivuta kamba na kunikemea kwa Kisomali kila nilipokosea. Mvua ikaanza. Mume wangu alipotaka kuingia wakamzuia mlangoni: mwenye nyumba hajasema. Akasimama pale analowa, na wote wananitazama.

"Ingia, Mwalimu," nikasema.

Akaingia, maji yakimchuruzika, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitabaki. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Nikamwambia asikanyage blanketi langu, na kwamba nyumba ya kupanga kule Garissa nitaichagua mwenyewe.