Neno Nililolificha Kikole

Tangu nirudi huku Machame mmeniuliza mara nyingi kwa nini niliacha ukunga nikiwa bado kijana. Nimekuwa nikijibu kwamba homa ya pwani ilinimaliza nguvu. Si kweli. Leo nawasimulia safari ile kama ilivyokuwa.

Niliondoka kwa kuwa niliitwa. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imemleta mkunga wa Kizungu, Misi Doroti, akafungue kliniki ya akina mama katika vijiji vya ndani ya Kilwa. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "asante" tu. Akatafutwa msichana aliyesomea ukunga na anayejua Kiingereza, awe mdomo wake. Nikachaguliwa mimi. Baba alichinja mbuzi, mama akalia.

Dar es Salaam tulipanda meli, na asubuhi ya pili ikatia nanga mbali na Kilwa Kivinje, maana maji ya pale ni mafupi. Tulishushwa kwa mashua, kisha wachukuzi wakatubeba hadi mchangani. Misi Doroti alikuwa amevaa kaptula ya kaki na shati la mikono mifupi. Wanaume waliokuwa forodhani waligeuza nyuso. Mwanamke mmoja wa buibui alimshika mwanawe kichwa akamwangalisha upande mwingine. Niliyaona yote, nikajiambia watazoea. Nami nilikuwa na kiburi changu. Gauni langu jeupe la uuguzi liliishia magotini, nywele wazi, na niliona wale waliojifunika ndio wasiosoma.

Lori lilitufikisha Tingi. Kutoka hapo tulitembea siku mbili kati ya mashamba ya mihogo na mtama. Mchukuzi mmoja alikuwa na kidonda mguuni. Misi Doroti alikisafisha kwa mikono yake, akaubeba mzigo wa yule bwana hadi kituo kilichofuata. Nilishangaa. Mzungu wa namna ile sikuwa nimemwona.

Tulifika Kikole alasiri. Jumbe alitupa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, na mkewe, Bi Mwanaidi, akatuletea ugali na kisamvu.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari. Huku ni kwenu."

Tulipokwisha kula alitoa kanga mpya, jozi nzima, akampa Misi Doroti kwa mikono miwili. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, mwambie mgeni wetu kwa adabu, sitaki aone haya. Hapa mwanamke hapiti mbele ya wanaume mapaja nje. Ajifunge moja, ajitande nyingine. Nawe ujitande vilevile. Akifanya hivyo, kesho nitawaleta wanawake wote, na wa kwanza atakuwa binti yangu Somoe. Ana mimba ya kwanza, nami nina wasiwasi naye."

"Anasemaje?" Misi Doroti aliuliza.

Chuoni tulifundishwa kwamba Mzungu hakosolewi. Mwenzangu aliyethubutu kumsahihisha mwalimu wetu alirudishwa kwao kabla ya jua kuchwa.

"Anasema karibu sana, na hizo ni zawadi yako."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Alizikumbatia zile kanga kwa furaha. Asubuhi alitandika moja juu ya meza ya kupimia wagonjwa, nyingine akaifanya pazia la dirisha. Bi Mwanaidi alipofika mlangoni alitazama meza, akatazama dirisha, akatazama miguu ya Misi Doroti. Aligeuka akaondoka, na siku ile hakuja mwanamke hata mmoja.

Ijumaa mambo yalizidi. Misi Doroti alitoka kwenda kuangalia kisima, akapita mbele ya msikiti wakati wanaume wanatoka kusali, na kaptula yake ileile. Aliwapungia mkono. Jioni jumbe alipiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga kwetu.

Siku ya tisa nilimkuta Somoe kisimani. Nilikuwa nimejitanda shuka langu, basi hakunikimbia. Uso ulikuwa umevimba, nyayo zimejaa hata viatu havimwingii.

"Kichwa kinaniuma, dada," aliniambia, "na macho yanaona vimulimuli mchana."

Nilijua maana yake. Nilikimbia kumwambia Misi Doroti, naye akanyakua mkoba wake, tukaenda mbio hadi kwa jumbe. Ilibidi Somoe abebwe kwa kitanda, safari ya Tingi ianze siku ileile, apate lori la kumpeleka hospitali. Bi Mwanaidi alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo.

"Binti yangu haguswi na mtu aliyeidharau heshima yangu. Kama hakuidharau, aniambie mwenyewe kwa nini kanga zangu amezifanya pazia."

"Anasemaje?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoa mtu. Lakini kusema la sasa kulitaka niseme na la kwanza.

"Anasema maumivu yamepoa, binti amelala. Turudi kesho."

Misi Doroti alisita, akanitazama, akaniamini.

Kesho yake alfajiri tulisikia ukelele. Kifafa cha mimba kilikuwa kimemshika. Safari hii hakuna aliyetuzuia. Misi Doroti alipiga magoti sakafuni, akafanya kila alichokijua, huku wanaume wakifunga kitanda cha kumbebea. Somoe alikufa kabla kamba hazijakazwa, na mtoto akiwa tumboni.

Baada ya maziko jumbe alituomba tuondoke. Njiani kurudi Tingi Misi Doroti alisimama ghafla.

"Elieshi, niliwakosea nini watu hawa?"

Nikamwambia yote. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi.

"Ningejifunga," alisema. "Ungeniambia ningejifunga hata gunia."

Nilipiga magoti kumwomba radhi. Alitikisa kichwa.

"Si mimi. Turudi ukamwambie mama yake Somoe. Mimi sina lugha."

Nilisema miguu yangu haiwezi. Aliitazama njia tuliyotoka, kisha akainuka, akanipita, akatangulia. Hadi Dar es Salaam hakuniuliza tena neno la mtu yeyote.

Bi Mwanaidi, kama yu hai, bado anaamini kwamba mgeni alimdharau, na kwamba yeye mwenyewe alimfungia mwanawe mlango kwa haki. Watu husema mgeni huharibu kwa kutojua desturi. Nilichojifunza mimi Kikole ni kwamba Misi Doroti hakujua. Mimi nilijua.