Nywele za Kuzika

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja: viti viwili, kioo chenye ufa, na bomba lililotoa matone hata ulikaze vipi. Wateja walimwita Mkono Laini, maana hata mtoto anayeogopa kitana alisinzia akisukwa naye. Alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka kumi na sita, mwenye nywele zilizomfika katikati ya mgongo. Zaidi ya mama yake, hakuna mtu aliyewahi kuzigusa.

"Mama, unanivuta kama unafunga mbuzi!" binti alikuwa akilalamika.

"Tulia, mbuzi wangu."

Kisha binti akapata saratani ya damu. Daktari alipowaambia kwamba dawa zingempukutisha nywele, binti mwenyewe ndiye aliyeamua.

"Nikate sasa, mama, kabla hazijaanguka zenyewe. Uziuze tupate dawa. Si zitaota nyingine?"

Mama akazisuka mikia miwili, akaikata kwa mkasi wa kazini. Mwanamume aliyekuwa akipita saluni hadi saluni kununua nywele aliichukua siku hiyo hiyo, akaikunja kwenye gazeti. Pesa zile zilinunua dawa za wiki mbili. Mwezi wa tatu tangu siku hiyo binti akafariki, kichwa chake kikiwa kitupu kama siku aliyozaliwa.

Mama alipomaliza miezi kadhaa ya kukaa ndani, jirani alimshika mkono akampeleka kwenye darasa la wanawake msikitini. Siku hiyo mwalimu, mama mmoja mpole wa miwani, alikuwa akieleza biashara: kwamba kitu kinachouzwa sharti kiwe halali, kiwe chako, na kasoro yake isifichwe. Akataja visivyouzika: pombe, nguruwe, mzoga. "Na mwanadamu," akasema. "Mwenyezi Mungu amempa heshima. Kiungo chake si bidhaa."

Mkono Laini akainua kidole. "Na nywele, mwalimu?"

"Nywele pia, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Zikikatwa, ni vizuri zizikwe."

"Hata kama mwenyewe aliridhia?"

"Hata akiridhia, dada."

Alingoja wenzake watoke ndipo akaeleza yote. Mwalimu alivua miwani. "Hukujua, na Mungu anasamehe asiyejua," akamwambia. "Lakini uuzaji ule haukuwa sahihi. Ukizipata, rudisha pesa, uchukue nywele uzizike. Usipozipata, omba toba, na kiasi kile ukitoe sadaka. Usijibebeshe zaidi ya hapo."

Kesho yake alimtafuta yule mnunuzi. Naye akamwelekeza kwa mshona wigi, mwanamke mwenye karakana nyuma ya soko la nguo. Mshona wigi alimsikiliza huku sindano ikiwa bado mkononi.

"Pole, dada yangu," akasema. "Zilifika. Ila huwa nachanganya za watu wanne au watano, natia rangi, nanyoosha. Wigi za mzigo ule zimebaki tatu. Tazama, labda utazijua. Ukizijua, chukua, sitaki hata senti."

Akazipanga mezani. Mkono Laini akapitisha vidole kwenye ya kwanza, taratibu, tangu mizizi hadi ncha. Akaenda ya pili. Akairudia ya kwanza. Akainamia ya tatu akainusa, ikanuka dawa ya rangi. Miaka kumi na sita alizisuka nywele zile, angeweza kuzisuka akiwa amefumba macho, na sasa vidole vyake havikumwambia kitu.

"Sizijui," akasema. Kisha akalirudia neno hilo kwa sauti ya juu, kama aliyeulizwa na mtu wa mbali. Mshona wigi akaweka sindano chini, akamkumbatia.

Nyumbani mumewe alimkuta ameketi sakafuni jikoni. Alipomweleza, mume akaketi naye.

"Mimi ndiye niliyekwambia pokea zile pesa," akasema. "Tulikuwa tunataka apone tu." Hakuwa ameangusha chozi hata makaburini. Sasa alilia mpaka shati likalowa.

Sadaka waliitoa pamoja, kwenye wodi ya watoto. Saluni ilibaki imefungwa mwezi mzima. Alipoifungua, mteja wa kwanza alikuwa mama aliyekuja na binti yake wa shule. Mkono Laini alimkalisha mtoto, akamfungua utepe, akashika kitana. Akakirudisha mezani, akamfunga tena utepe.

"Nisamehe, mama," akamwambia yule mzazi. "Mpeleke saluni ya jirani. Watoto bado sijaweza."