Nilivyomuoza binti yangu nikiwa Doha kwa software tuliyoijenga chumbani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Shule niliishia la nne, nikikosea kuandika nivumilieni. Ila haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa dereva wa familia moja Doha. Nilikaa Najma, chumba kimoja na Wabongo wenzangu na Mkenya mmoja mlinzi, Wafula, fundi wa kompyuta wa kujifundisha mwenyewe. Chumba chenyewe ukijigeuza unampiga mtu kiwiko. Tuache hilo.

Ijumaa moja binti yangu alikuwa anaolewa Tanga, nikah baada ya swala ya Ijumaa. Mimi ndiye walii, wa kumuozesha. Shehe akasema sauti ya simu haimtoshi, anataka anione uso, la sivyo mdogo wangu ndiye amuozeshe. Na huyo mdogo wangu hatuelewani mpaka leo, mambo ya shamba, ni marefu.

Kompyuta ya chumba camera inayo, ila ni ya Linux, software ya video haina. Asubuhi ile Wafula akaja na flash kutoka lindoni Muaither, ndani kuna source code, yaani software ambayo bado haijajengwa, aliyotoka kuirekebisha kazini.

"Hii mzee unaijenga hapa hapa, kama chapati ya kukanda mwenyewe."

Akaandika configure, amri ya kwanza ya kuijenga. Ikagoma. Akarudia, ikagoma.

Mimi nakaa, nasimama, naenda mlangoni, narudi.

"Inasemaje?"

"Inasema file imezaliwa sasa hivi, lakini ni nzee kuliko zile nimekuja nazo. Ati tuangalie saa."

"Saa iko sawa. Nne na nusu, si hiyo hapo."

Akanitazama. "Mzee, nne na nusu kwa kompyuta ni alfajiri. Nani aliweka hivi?"

Wakuu, tuliweka sisi. Chumba kizima tulikubaliana isome saa ya Kiswahili, tumechoka kubadilisha kichwani. Sasa kwa ile mashine bado ni alfajiri, na file za Wafula alizozigusa asubuhi kazini zilitoka kwenye wakati ambao haujafika.

"Nyinyi Watanzania mtaniua."

Akasogeza saa. Configure ikapita, make, yaani kujenga kwenyewe, ikapita. Nikamwambia install twende. Akagoma yeye sasa.

"Make check kwanza, tuijaribu. Unataka ikufie shehe akiuliza?"

Mistari inashuka, PASS, PASS, AC inawaka na jasho linanitoka. Mmoja ukaandika FAIL, nikamshika Wafula bega. Kumbe ni wa printer, na printer hatuna. Tukainstall.

Mchana shehe akanitazama, akasema nisogee kwenye mwanga. Nikatamka, nikamuoza. Bwana harusi akakubali.

Halafu binti akaletewa camera karibu, mtandio umemfunika nusu uso. Akaniangalia.

"Baba, mbona umekonda hivyo?"

Wafula akadhani sauti imekatika, akaanza kubonyeza bonyeza.

Nilichojifunza: mashine ikilalamika isomeni mpaka mwisho, hata kama Kiingereza kinawapiga chenga. Na test msiiruke kwa haraka zenu.

Aliyewahi kuozesha akiwa mbali aseme naye ilikuwaje. Wataalamu mkiona nimechanganya mambo, nirekebisheni taratibu.