Mluzi wa Supachaja na Kiherehere Changu

Nyote mliomtukana fundi Owori hapa mtandaoni asubuhi kwa ajili yangu, rudini haraka.

Nililalamika kwamba ameiunda upya supachaja yangu, ile mashine ya kusukuma hewa kwenye injini, na sasa gari linapiga mluzi kila nikikanyaga mafuta.

Basi nikatoka Busia hadi gereji kwake Tororo, nimevimba kama andazi.

Owori alichukua bisibisi ndefu, ncha kwenye supachaja, mpini sikioni. Akasikiliza. Akatoa mkanda unaoizungusha, mluzi ukapotea. Akaurudisha, mluzi huo!

“Si nilisema ni hiyo?” nikashangilia.

“Mzee, ulinunua hii gari supachaja inafanya kazi?”

“Hapana, ilikuwa imekufa.”

“Sasa sauti yake wewe ulisikia wapi? Ikiwa mbovu inakwaruza. Ikiwa nzima, inaimba hivi.”

Gereji nzima ikacheka, hadi mama wa chapati.

Owori hakucheka. Wateja wake wawili walikuwa wamesoma maneno yangu wakaghairi kuja.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa nimekalia tairi lake: Owori ni fundi, mjinga ni mimi.

Semeni kitu hapo chini, jamani. Anasoma kila neno, na ufunguo wa gari langu uko mfukoni mwake.