Nilivyousikiliza Moyo wa Mama Otis

Sipendi kukumbuka hii maneno, lakini kwa vile mtaa wetu wote wa Makongeni unaijua, heri muisikie kwangu mimi niliyejiaibisha.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, na kwenye maabara yetu kulikuwa na mdoli wa plastiki mwenye moyo wa kompyuta (tulimwita Mzee Plastiki), mwalimu anabonyeza namba na moyo unapiga kwa spika, namba moja ni mzima, namba nne valvu inavuja, damu inarudi nyuma ikilia fyuuu, na mimi nilizijua zote kwa kichwa mpaka darasani wakaniita Profesa. Basi Jumapili moja nikarudi nyumbani na stetoskopu yangu mpya, kile kifaa cha kusikilizia moyo, shingoni. Shingoni, jameni, si hata kwa begi.

Nikakuta kina mama wa maombi wamejaa sebuleni. Mama yangu, hata chai sijaonja: "Daktari wetu ndiye huyu. Hebu mskize Mama Otis, siku hizi akibeba ndoo moja tu ya maji anahema." Mama Otis ni jirani yetu, ndiye alinilisha utotoni mama akiwa kazini, na kesho yake alikuwa na kliniki ya moyo aliyoingoja miezi.

Nikaiweka kifuani pake, nikafunga macho. Kimya. Nikahamisha, kimya kabisa, na kina mama wananitazama. Ningesema sisikii kitu, kungeharibika nini? Lakini mdomo wangu huu ukasema, "Moyo uko sawa kabisa." Wakapiga makofi, wakapanga laini, nikawapima wote (wote kimya, wote wako sawa), halafu nikala chapati nne.

Jumanne mwalimu akasema tupimane wenyewe, bila mdoli. Nikamwambia sisikii. Akazungusha kile kichuma cha kifuani, tik, na moyo wa mwenzangu ukanijaa masikioni. "Kina pande mbili," akasema, darasa zima likisikia. "Huu unaoweka kifuani ulikuwa umefungwa." Walicheka mpaka wakashika meza. Mimi nilikuwa natafuta simu.

"Kliniki?" Mama Otis akaniambia kwa simu. "Sikwenda, baba. Si ulisema niko sawa? Niliwapigia wampe mgonjwa wa kweli hiyo nafasi."

Jioni hiyo nikasimama mbele ya kina mama walewale nikakiri. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mama Otis akaniuliza polepole, "Na yale macho ulikuwa unafunga ya nini?" Akafungua kifungo cha juu mwenyewe. "Haya, skiza tena."

Nikazungusha, tik, nikasikiliza. Namba nne. Fyuuu, vilevile kama ya mdoli, na nikatamani kile kimya kirudi.

Sasa anangoja tarehe nyingine ya kliniki, iko mbali, na hajawahi kunilaumu hata siku moja, jambo ambalo ndilo linanimaliza. Nimeapa kwamba nisiposikia nitasema sisikii, hata mama yangu akiwa amesimama hapo. Na kila asubuhi kabla ya chuo napita kwa Mama Otis kumbebea ndoo zake za maji.